Umoja wa Wanawake Wachoraji na Wachongaji wa Paris: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Huu Umoja ulikuwa chama gani?

Kwa Kifaransa uliitwa Union des femmes peintres et sculpteurs, yaani Umoja wa Wanawake Wachoraji na Wachongaji. Ulianzishwa Paris mwaka 1881 na mchongaji Hélène Bertaux, na maonyesho yake ya kwanza yalifanyika mwanzoni mwa 1882. Kilikuwa chama cha kitaaluma hasa, si baraza la wake za wakubwa la kupitisha mchana. Kilikuwa na viongozi, kilifanya maonyesho kila mwaka, na kuanzia Desemba 1890 kikawa na gazeti lake chenyewe, Journal des femmes artistes.

Kazi zake kubwa zilikuwa mbili: kuwatafutia wanawake mahali pa kuonyesha na kuuza, na kuwatafutia mahali pa kusoma. Ya kwanza ilianza mara moja. Ya pili ilichukua karibu miaka 20, na hiyo ndiyo inayonifanya niandike ukurasa huu.

Kwani wanawake walikatazwa kuchora?

Hapana. Paris ya karne ya 19 ilijaa wanawake wachoraji. Walichora maua, matunda, sura za watu, mapambo ya vyombo vya kauri. Salon, yale maonyesho makubwa ya kila mwaka, iliwapokea. Kilichofungwa kwao kilikuwa chumba kimoja tu.

Ni chumba cha kuchorea mwili. Katikati pana jukwaa dogo, na juu yake amesimama mtu asiye na nguo. Wanafunzi wamemzunguka, ubao magotini, makaa ya kuchorea mkononi. Wanaangalia jinsi uzito wa mwili unavyoegemea mguu mmoja na nyonga ya upande ule inavyopanda, jinsi bega linavyoshuka kusawazisha, jinsi msuli wa mgongo unavyokazana mkono unapoinuliwa. Wanakosea, wanafuta, wanarudia, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka.

Sasa angalia kilichofuata. Picha zilizohesabiwa kuwa kubwa zilikuwa za historia, za dini na za hekaya za Wagiriki na Warumi, na zote zimejaa miili ya watu. Asiyeujua mwili hakuweza kuzichora. Asiyezichora hakupewa kazi za kupamba majengo ya serikali, na hakutarajia kiti katika Akademia, baraza rasmi la wasanii wakubwa wa nchi. Kwa hiyo haikuhitajika sheria ya kumkataza mwanamke kuwa msanii mkubwa. Komeo la mlango mmoja lilitosha. Kisha wakosoaji walisimama mbele ya picha za maua na kuandika kwamba hicho ndicho kipaji cha wanawake, maua. Nimesoma maneno ya aina hiyo mara nyingi na bado yananichoma, kwa sababu walioyaandika walijua vizuri ufunguo ulikuwa kwa nani.

Wala haikuwa Paris peke yake. Huko Philadelphia, Marekani, mwaka 1886, mwalimu Thomas Eakins alilazimika kuondoka Pennsylvania Academy, shule ya sanaa, baada ya kumvua mwanamume aliyekuwa akichorwa kitambaa cha kiunoni mbele ya darasa lenye wanawake. Kitambaa hicho kilimgharimu kazi.

Lakini si tunasikia kwamba walikuwapo wanawake katika akademia za zamani?

Walikuwapo, kwa kuhesabiwa vidoleni. Akademia ya kifalme ya Ufaransa ilianzishwa mwaka 1648, ikampokea mwanamke wa kwanza, Catherine Duchemin, mwaka 1663. Mwaka 1770 ikaamua kwamba wanawake wasizidi wanne kwa wakati mmoja. Tarehe 31 Mei 1783 wakaingia wawili kwa siku moja, Adélaïde Labille-Guiard na Élisabeth Vigée Le Brun, na nafasi zikajaa. Mapinduzi ya Ufaransa yakaifuta Akademia mwaka 1793. Chombo kilichochukua nafasi yake miaka miwili baadaye hakikuwa na hata zile nafasi nne.

London nayo ina kisa chake. Royal Academy, akademia ya kifalme ya sanaa ya Uingereza, ilipoanzishwa mwaka 1768, wanawake wawili walikuwa miongoni mwa waasisi: Angelica Kauffman na Mary Moser. Baadaye Johan Zoffany akachora picha ya wanachama wamekusanyika kumzunguka mtu aliye uchi anayechorwa. Wanaume wamesimama, wamekaa, wanaongea. Kauffman na Moser wako wapi? Wako ukutani. Amewachora kama picha mbili zilizotundikwa, kwa kuwa haikufaa waonekane ndani ya chumba kile. Wanachama waasisi wamegeuzwa mapambo ya ukuta. Ukitaka kueleza historia yote hii kwa mtu mwenye dakika moja, mwonyeshe picha hiyo.

Hélène Bertaux alikuwa nani?

Alizaliwa Paris mwaka 1825. Alijifunza uchongaji nyumbani, kwa baba yake wa kambo Pierre Hébert aliyekuwa mchongaji. Nyundo, patasi na udongo vilikuwa vitu vya kila siku kwake tangu utotoni. Wanawake wengi wa zamani waliofika mbali katika sanaa walipitia njia hiyo ya kuwa na baba au mume mwenye karakana. Binti wa mtu mwingine, hata awe na mkono mzuri kiasi gani, aanzie wapi?

Yeye alifika mbali kweli. Alichonga kijana Mgaul (Wagaul walikuwa wenyeji wa kale wa Ufaransa) aliyefungwa mateka, mwili wa mwanamume ulio uchi, kazi ambayo mwanamke hakutarajiwa hata kuithubutu. Alipata medali za Salon zaidi ya mara moja, na katika Maonyesho ya Dunia ya Paris ya 1889 akapata medali ya dhahabu ya daraja la kwanza kwa sanamu yake ya Psyche.

Alijulikana kama Madame Léon Bertaux, yaani kwa jina la mumewe. Usimlaumu. Chini ya sheria za Napoleon za 1804, mwanamke aliyeolewa hakuweza kusaini mkataba bila idhini ya mume, na haki ya kutumia mshahara wake mwenyewe apendavyo aliipata mwaka 1907 tu. Mwanamke aliyetaka kuendesha karakana, kulipa vibarua na kununua marumaru alifanya hivyo ndani ya kuta hizo.

Kabla ya Umoja, tangu miaka ya 1870, Bertaux alikuwa akifundisha wanawake uchongaji kwake. Nadhani hapo ndipo chama kilipozaliwa hasa, kwenye darasa. Mwalimu anayewaona wanafunzi wake wanaiva halafu hawana pa kwenda hawezi kutulia.

Kwa nini mwaka 1881?

Mwaka huo serikali ya Ufaransa ilijitoa katika kuendesha Salon na kuikabidhi kwa wasanii wenyewe, kupitia chama kipya cha Société des artistes français. Wasanii wengine nao walikuwa wakijipanga katika makundi yao. Kwa maneno mengine, sanaa ya Paris ilikuwa ikigawanywa upya, na ambaye hakuwa na chama hakuwa na wa kumsemea. Bertaux aliliona hilo mapema.

Je, hawakuweza kusoma katika shule za binafsi?

Waliweza, wenye fedha. Iliyojulikana zaidi ni Académie Julian, iliyofunguliwa na Rodolphe Julian mwaka 1868. Wanawake kutoka Ulaya nzima na Marekani walijazana humo. Lakini walilipa karibu mara mbili ya ada ya wanaume.

Mmoja wao alikuwa Marie Bashkirtseff, binti aliyetokea Ukraine ya leo. Mwaka 1881 alichora studio ya wanawake ya Julian kwa ndani. Wanawake wamebanana viti kwa viti, nguo ndefu nyeusi, karatasi zimetapakaa sakafuni, na jukwaani yuko mvulana mdogo aliyejifunga kitambaa kiunoni. Tazama picha ile kwa makini. Huoni wanawake wanaopitisha wakati. Kila mmoja ameinamia kazi yake, na aliyeshindwa kupata nafasi mbele ananyoosha shingo.

Mwaka huohuo, kwa jina la bandia la Pauline Orell, aliandika katika gazeti la mtetezi wa haki za wanawake Hubertine Auclert, La Citoyenne, akiilaumu École des Beaux-Arts kwa kuwafungia wanawake mlango. Alifariki kwa kifua kikuu Oktoba 1884, akiwa na umri wa miaka 25. Mwaka uliofuata Umoja ulikusanya kazi zake na kumfanyia maonyesho ya kumbukumbu.

École des Beaux-Arts ndiyo nini, na kwa nini iliwashughulisha kiasi hicho?

Ilikuwa shule kuu ya sanaa ya serikali. Mafunzo yake yalikuwa bure. Walimu wake walikuwa majina makubwa ya nchi. Na ndiyo iliyokuwa njia ya kufikia tuzo ya Prix de Rome, ambayo mshindi wake alipelekwa Villa Medici kule Roma, akaishi na kufanya kazi kwa miaka kadhaa kwa fedha za serikali.

Kodi zilizoiendesha zililipwa na wanawake pia. Hoja ya Umoja ilikuwa nyepesi kama hivyo: hatuombi upendeleo, tunaomba kilicho chetu.

Mapambano ya kuingia yalikwendaje?

Mwaka 1889, Paris ilipokuwa imejaa wageni wa Maonyesho ya Dunia, Bertaux alisimama katika mkutano wa kimataifa wa wanawake na kulitaja dai hilo waziwazi: wanawake wafunguliwe École des Beaux-Arts na waruhusiwe kushindania Prix de Rome. Mwaka uliofuata dai likapelekwa kwa wenye mamlaka ya sanaa. Katika safari hiyo alikuwa pamoja na Virginie Demont-Breton, mchoraji kijana zaidi, binti wa mchoraji Jules Breton.

Kisha wakaanza kupigwa danadana. Waliambiwa hakuna fedha. Waliambiwa hakuna nafasi ya kujenga studio ya pili, na studio ya pamoja haiwezekani kwa sababu ya maadili. Waliambiwa wasanii wamekuwa wengi mno tayari, kwa nini kuongeza wengine? Zingatia hiyo ya mwisho. Ndiyo hoja pekee iliyosemwa bila kificho: wanaume wenye kazi hawakutaka washindani.

Umoja haukuacha. Gazeti lao liliirudia habari hiyo tena na tena. Mwaka 1892 Bertaux mwenyewe aligombea kiti katika Académie des Beaux-Arts, baraza la wasanii lililorithi ile Akademia ya kifalme. Hakuchaguliwa, lakini ililazimu jina la mwanamke lisomwe mezani. Mwaka 1894 uongozi wa Umoja ukapita kwa Demont-Breton, ambaye mwaka huo alipewa nishani ya Légion d'honneur, na mashambulizi yakaendelea.

Mlango ulifunguka kwa vipande. Kwanza, 1896 na 1897, wanawake walikubaliwa kuingia maktaba, kusikiliza mihadhara na kufanya mtihani wa kujiunga. Wanafunzi wa kiume waliwapokea kwa kuzomea na kupiga kelele za "wanawake nje", vurugu zikawa kubwa hadi shule ikafungwa kwa muda. Hebu fikiri kuwa msichana wa miaka 20 na folda yako ya michoro kwapani, unapita katikati ya kelele hizo kwenda kusikiliza somo la anatomia.

Studio ya wanawake, tofauti na ya wanaume, ilipatikana mwaka 1900, chini ya mchoraji Ferdinand Humbert. Prix de Rome ilifunguliwa mwaka 1903.

Ni nani walionufaika kwanza?

Nitawataja wawili.

Julia Morgan, Mmarekani wa California, alifika Paris mwaka 1896 akitaka kusomea usanifu wa majengo. Alishindwa mtihani wa kuingia, akarudia, hakukata tamaa, akakubaliwa mwaka 1898, mwanamke wa kwanza katika idara ile. Alipata cheti chake mwaka 1902, akarudi kwao na kusanifu mamia ya majengo.

Wa pili ni Lucienne Heuvelmans. Mwaka 1911 alishinda Prix de Rome ya uchongaji, mwanamke wa kwanza kuipata. Alizaliwa mwaka 1881, mwaka uleule Umoja ulipoanzishwa. Wakati Bertaux anaitisha mkutano wa kwanza, msichana atakayeufikia mwisho wa njia alikuwa ama tumboni ama mchanga kitandani. Bertaux alifariki mwaka 1909. Aliikosa habari hiyo kwa miaka miwili.

Kwa uchoraji, ushindi wa kwanza ulikuja mwaka 1925, ukaenda kwa Odette Pauvert.

Wanachama wote walikuwa na msimamo mmoja?

Hata kidogo, na sipendi historia zinazowachora kama kwaya moja. Baadhi walikuwa watetezi wa wazi wa haki za wanawake. Wengine walikuwa wahafidhina wa heshima zao, waliotaka kuuza picha na si kusikika siasa. Mwaka 1901 uongozi ulichukuliwa na Duchess wa Uzès, bibi mkubwa wa ukoo wa kale na mchongaji mwenyewe, ambaye mtu hangemweka kapu moja na Hubertine Auclert.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya ubora. Chama kikiwa wazi sana, wakosoaji wanasema ni maonyesho ya wanafunzi na mabibi wa kujipumbaza. Kikichuja kwa ukali, kinawafungia mlango haohao waliofungiwa kwingine. Mimi naona waliokuwa wakitaka milango mipana walikuwa na haki zaidi. Mtu aliyenyimwa shule huwezi kumpima kwa kipimo cha aliyesomeshwa bure, halafu ukaita huo ni uadilifu.

Swali la pili lilikuwa kama kujitenga kunasaidia. Maonyesho ya wanawake peke yao yanaweza kugeuka uzio. Wapo walioogopa hivyo, na woga wao haukuwa wa kipuuzi. Lakini picha iliyotundikwa chini, pembeni, penye giza katika Salon yenye maelfu ya kazi, nani ataiona? Kwa Umoja, mwanamke alipata ukuta wenye mwanga na mnunuzi aliyekuja kwa ajili yake.

Mbona Berthe Morisot na Mary Cassatt hawatajwi hapa?

Kwa sababu walipita njia nyingine. Morisot alionyesha na kundi la Waimpreshonisti, wachoraji waliojitenga na Salon, tangu maonyesho yao ya kwanza mwaka 1874, na Cassatt akajiunga na kundi hilo baadaye. Wote walitoka familia zenye uwezo. Umoja ulikuwa wa wale ambao hawakuwa na mlango wa namna hiyo.

Ufaransa ndiyo ilikuwa ya kwanza?

Hapana. London ilitangulia. Society of Female Artists ilifanya maonyesho yake ya kwanza mwaka 1857, na mmoja wa waasisi wake alikuwa Harriet Grote. Mwaka 1859 wanawake 38 walitia saini ombi la kukubaliwa katika shule za Royal Academy. Mwaka uliofuata mmoja akaingia kwa ujanja mdogo: Laura Herford alituma mchoro wake ukiwa na herufi za mwanzo za jina na ukoo tu, ukakubaliwa na watu waliodhani ni mwanamume. Chama hicho bado kipo, na tangu 1899 kinaitwa Society of Women Artists. Laura Knight, aliyekiongoza kuanzia 1932, alipata uanachama kamili wa Royal Academy mwaka 1936, wa kwanza kwa kuchaguliwa. Waasisi wawili wa ukutani walikuwa wamengoja miaka 168.

Berlin ilipata chama chake mwaka 1867, na chenyewe kiliamua kutosubiri serikali: mwaka 1868 kikafungua shule. Käthe Kollwitz alisoma hapo, akaja kufundisha hapo. Paula Modersohn-Becker naye alipitia hapo. New York, wanawake watano walianzisha Woman's Art Club mwaka 1889, ambayo leo ni National Association of Women Artists.

Naweza kuona kazi zao wapi?

Picha ya Bashkirtseff ya wavulana wanaojadiliana barabarani, ya mwaka 1884, iko Musée d'Orsay, Paris. Yule Mgaul mateka wa Bertaux yuko katika jumba la makumbusho la sanaa la Nantes.

Demont-Breton unaweza kukutana naye bila kutegemea. Alichora mke wa mvuvi aliyekaa mbele ya moto, mtoto amelala mapajani, mume yuko baharini. Mwaka 1889, huko Saint-Rémy, Vincent van Gogh aliiona picha hiyo katika nakala ya kuchapwa, isiyo na rangi, akaipenda, akaichora upya kwa rangi zake. Picha ya Van Gogh ndiyo inayojulikana zaidi leo. Ukikutana nayo, yule mama, yule mtoto na ule moto ni vya Virginie Demont-Breton.